Sakafu Iliyoinama



Nyumba inapoanza kuinama, swali la kwanza linalotutoka midomoni ni hili: nani ameiharibu? Katika nchi yetu ya Fizi swali hilo lina hatari yake, kwa kuwa nyumba nyingi zimepitia mikono ya watu wengi. Vita vilituondoa, wengine wakaingia. Tuliporudi tulikuta ufa ukutani na mgeni mlangoni, tukayaunganisha mambo hayo mawili kana kwamba moja limezaa jingine. Ningependa tulitafakari jambo hilo kwa kuitazama sakafu moja ya hapa Baraka, sakafu ya nyumba ya wazazi wangu.

Baba aliijenga nyumba hiyo mwaka 1974 kwa matofali ya kuchoma, mita mia kadhaa kutoka ufuo wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1996 vita vilipotufikia tulivuka ziwa hadi Kigoma, kisha tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, na huko ndiko Baba alikofia. Tulirudi mwaka 2007, katika miaka ile ambapo meli za HCR zilikuwa zikiwashusha wakimbizi hapa Baraka. Ndani ya nyumba tulikuta familia iliyoteremka kutoka milimani ikikimbia vita vilivyoifuata huko. Hawakushindana nasi. Baada ya miezi miwili walihama, wakajenga kibanda chao katika mtaa huohuo, na tangu siku hiyo tulikuwa tukisalimiana nao njiani, wala hatukuzidisha zaidi ya salamu.

Chumba cha mbele kilikuwa kimeinama kuelekea pembe iliyo upande wa ziwa. Mama akipiga deki, maji yalikimbilia pembe hiyo bila kusukumwa. Siku ambazo shirika lilikutana kwetu kwa sala, benchi la upande ule lilibidi litiwe kipande cha tofali chini ya miguu, la sivyo wazee wangelala juu ya mabega ya wenzao. Mwaka hadi mwaka ufa wa juu ya dirisha ulionekana kurefuka, na chini ya dirisha hilo ndipo kilipokuwa kitanda cha Mama.

Mwaka 2022 kaka yangu mkubwa alitujia kutoka Uvira akiwa na maazimio mawili. La kwanza, kumwaga simenti mpya ili sakafu ilingane. La pili, kuipeleka familia ile mbele ya chifu wa mtaa ili ilipe gharama, kwa sababu, alisema, nyumba tuliiacha ikiwa nzima na tukairudia ikiwa imepinda. Barua ya madai alikuwa amekwisha kuiandika. Nilimwomba jambo moja tu: tupime kwanza.

Fundi tuliyemwita hakuja na mitambo. Alikuja na timazi, chombo ambacho wengi wetu tunakijua kutoka kitabu cha Amosi kuliko kutoka mikononi mwa mafundi, na mpira mwembamba wa kupitisha maji, ule unaoonyesha ndani. Mpira huo ukijazwa maji na ncha zake mbili zikainuliwa, maji ya ncha zote mbili husimama katika kimo kimoja, hata zikiwa katika pembe mbili za nyumba. Kwa njia hiyo tulijua kwamba kutoka mlangoni hadi pembe ile, umbali wa mita 4, sakafu ilikuwa imeshuka sentimita 7.

Kisha fundi akatufanyia hesabu. Chumba kina upana wa mita 3.5, yaani eneo la mita za mraba 14. Ili kukisawazisha tungehitaji simenti, mchanga na kokoto vya unene wa sentimita 3.5 kwa wastani, ambavyo uzito wake unapita kilo 1,000. Sehemu kubwa ya uzito huo ingekaa palepale ambapo udongo ulikuwa umeshindwa kubeba uzito mdogo zaidi. Sakafu ingependeza kwa muda, na pembe ingezidi kudidimia chini ya mapambo yake.

Akatufundisha pia kwamba mwinamo peke yake haujawa ugonjwa. Nyumba inaweza kuzama kidogo katika miaka yake ya kwanza, ikatulia, ikakaa hivyo hata wajukuu wakazeeka ndani yake. Jambo la kujua ni kama bado inakwenda. Kwa hiyo alipaka viraka vyembamba vya lipu ngumu juu ya kila ufa, akaandika tarehe juu yake. Lipu ya namna hiyo hainyumbuki: ukuta ukisogea, nayo hupasuka. Tulisubiri tangu mvua za Oktoba hadi mwisho wa kiangazi cha mwaka uliofuata. Viraka vya ndani vyote vilibaki vizima. Kiraka cha juu ya dirisha kilipasuka mwezi wa Aprili, mvua zilipokuwa nyingi, na kiangazi hakikukiongezea kitu.

Jibu la kwanza lilikuwa hilo: pembe ile ilisogea kwa maji. Ndugu zangu, tusisahau tunakoishi. Ziwa letu limelala katika Bonde la Ufa, na ardhi iliyo chini yake haijatulia. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea huko chini na kubomoa nyumba Kalemie. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa hujaa, na huchukua muda mrefu kupungua. Linapojaa, maji yaliyo ndani ya udongo wa kando yake hupanda pia. Zaidi ya hayo, bati la nyumba yetu halikuwa na mchirizi: maji yote ya paa la upande ule yaliangukia chini ya ukuta, msimu baada ya msimu, karibu miaka hamsini.

Tulipochimba ndani ya chumba, penye pembe ile, tulipata jibu la pili, ambalo hakuna aliyelitazamia. Chini ya sakafu kulikuwa na sakafu nyingine. Ile ya juu ilikuwa nyembamba upande wa mlango na nene upande wa pembe, ikizidi kwa sentimita 4. Mtu alikuwa amekwisha kufanya kile ambacho kaka yangu alitaka kufanya. Kaka akasema papo hapo kwamba ni wale. Mama, ambaye macho yake yamefifia na alikuwa ameketi barazani akisikiliza, akamwita.

“Mwanangu, pitisha mkono nyuma ya mlango, chini kabisa. Unasoma nini?”

Kaka alipapasa, akasoma mwaka uliochorwa kwa msumari katika simenti ya juu ilipokuwa mbichi: 1988.

“Huo ni mkono wa baba yako,” Mama akasema. “Pembe ilikuwa imeanza kushuka, akaisawazisha kabla ya harusi ya dada yake. Wewe umeuliza nani aliyeharibu. Hukuuliza ilianza lini.”

Hesabu ilibaki kuwa nyepesi. Kati ya 1974 na 1988, miaka 14, pembe ilikuwa imeshuka sentimita 4 mikononi mwa Baba mwenyewe. Tangu 1988 hadi tulipopima, miaka 34, ilishuka 7. Mwendo wa baadaye, pamoja na miaka yote waliyokaa wageni wetu, haukuupita ule wa mwanzo. Ulikuwa wa polepole zaidi. Na tulipoanza kuchimba nje, chini ya udongo uliokuwa umejaa, tulifikia mfereji mfupi uliopangwa kwa mawe, uliochukua maji ya paa na kuyasukuma mbali na ukuta. Mama hakuukumbuka. Sisi tuliorudi hatukuwahi kuuchimba. Kaka alisimama juu ya mawe yale muda mrefu.

Jioni ile alikwenda kibandani kwa jirani, nami nilimfuata. Alimsalimu mzee yule kwa heshima, akamwuliza kuhusu mfereji. Mzee akajibu kwamba watoto wake walikuwa wakilala katika chumba kile, na pembe ilikuwa ikilowa, basi akafanya alichoweza kwa mawe ya mtoni. Kisha akatuuliza kama ukuta bado umesimama. Barua haikutajwa. Najua kwamba haikufika kwa chifu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya uvumilivu kuliko fedha. Tulitia mchirizi wa bati, tukaufufua mfereji wa mawe na kuurefusha hadi njiani. Msingi wa pembe tuliuimarisha vipande vipande: fundi alichimba chini ya ukuta urefu usiofika mita moja, akajaza mawe na simenti, akaacha siku kadhaa zipite ndipo akagusa kipande kingine, kwa sababu anayechimba chini ya ukuta mzima kwa mara moja huuangusha. Mwana mkubwa wa jirani alifanya kazi hiyo pamoja naye kwa malipo ya kibarua. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda tena na kuingia katika nyumba za ufuoni, kiraka kipya cha juu ya dirisha hakikupasuka.

Sakafu yenyewe hatukuisawazisha. Kitanda cha Mama tulikihamishia upande wa pili na kukikatia miguu miwili. Mama ndiye aliyekataa simenti mpya, kwa sababu ambayo hakuna fundi angeifikiria: kwa kuwa haoni vema, mwinamo ule humwambia alipo. Akihisi nyayo zinapanda, anajua anaelekea mlangoni. Zikishuka, anajua ukuta u karibu. Kuilaza sakafu kungekuwa kumnyang’anya njia.

Wengi wenu, hapa Baraka na kule Fizi mlimani, mnakaa katika nyumba zilizoachwa na kurudiwa, na pengine katika familia yenu kuna barua ya madai inayosubiri. Sisemi kwamba kila dai ni la uongo; wapo walionyang’anywa kweli, na haki yao yapaswa kutafutwa. Nasema tu kwamba nyumba ina ushahidi wake chini ya sakafu, na ushahidi huo hauchukui upande wa mtu. Pimeni. Subirini mvua na kiangazi vipite. Waulizeni wazee jambo lilianza lini. Kama baada ya hayo barua bado ina haki ya kupelekwa, ipelekeni.