Kamera Mpya, Kadi ya Zamani

Leo sikuletei mshono. Nataka nikusimulie nilivyotafuta kamera baada ya ile ya kwanza kufa, na jambo lililonikuta njiani ambalo kila bibi harusi anafaa kulijua.

Kazi yangu ni cherehani, kamera ni mapenzi tu. Jumapili nikishafunga duka napita mitaa ya zamani hapa Bagamoyo kupiga milango ya kuchonga, siku nyingine nafika magofu ya Kaole au pwani mashua zikishusha samaki. Na ndugu wakiozesha, mimi ndiye mpiga picha wa upande wa wanawake. Sitozi kitu. Ndani hatuingizi mwanamume, basi lazima mmoja wetu ajue kushika kamera.

Nilikuwa na Canon 600D, toleo la mwaka 2011. Asubuhi moja niliingia baharini hadi magotini ili nilipate vizuri jahazi lililokuwa likiingia. Wimbi likanipiga, nikaenda chini pamoja na kamera. Maji ya chumvi hayakisamehe kitu cha umeme. Fundi wa Dar es Salaam aliifungua akanionyesha kutu ya kijani ndani. Akasema vitu vichache vitamfaa kwa vipuri, akanipa pesa kidogo, nikamwachia na kamera yake. Lenzi ya kuvuta mbali iliyokuwa juu yake ilikufa pia. Zilizobaki nyumbani, ile ya 18-55 na ile ya 50 yenye f/1.8, zilipona.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza. Kila niliyemuuliza alinitajia megapikseli. Lakini cherehani hainunuliwi kwa uzuri wa rangi, inanunuliwa kwa kitambaa unachoshona. Nikajiuliza: mimi nashona nini? Napiga chumbani usiku, wakati wa hina, taa ni hafifu na sitaki mwanga wa flashi, maana unaipausha ngozi na hina inapoteza rangi yake. Kinachonisaidia hapo ni lenzi yenye tundu kubwa kuliko wingi wa megapikseli. Ile lenzi ya 50 ninayo tayari. Kasoro yake, kwenye kamera za aina yangu inabana kama ya 80, hivyo kwenye chumba kidogo mgongo unagusa ukuta. Nikitaka chumba kizima narudi kwenye 18-55.

Na megapikseli 18 zinatosha? Picha ya ukubwa huo inachapishwa safi hadi karibu inchi 17 kwa 11. Hilo ni kubwa kuliko albamu yoyote niliyowahi kufungua.

Kulikuwa na Nikon D3500, nyepesi na nzuri, lakini lenzi zangu za Canon haziingii kwake. Ningeanza upya. Kamera mpya zisizo na kioo ndani nazo ni tamu, na Canon wanazo, ila ningehitaji kiungo cha kuvalisha lenzi zangu za zamani, na bei yake ilikuwa mtaji wa vitambaa vya msimu mzima. Sikuona sababu ya kuuweka mtaji wa duka kwenye mapenzi.

Nikaangukia Canon 700D iliyotumika, ya mwaka 2013. Inapokea lenzi zangu zote mbili. Betri yake ni ileile ya 600D, kwa hiyo betri yangu ya akiba na chaja havikutupwa. Na haina waifai. Wengi wanaona ni upungufu. Kwangu mimi ninayepiga wanawake wasio na mitandio, ni mlango mmoja pungufu wa kuchunga.

Kununua iliyotumika kuna adabu zake. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na pwani kwetu unaota haraka. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi. Bonyeza kila kitufe, fungua kila kimlango. Uliza imeshapigwa picha ngapi, maana shata huchoka. Kwa Nikon nyingi hesabu hiyo imo ndani ya picha yenyewe, kwa Canon nyingi sharti uiunganishe na kompyuta yenye programu maalumu.

Basi nimesimama dukani Kariakoo nafungua kimlango cha kadi, nakuta kadi imo. Nikabonyeza kitufe cha kuangalia nikidhani ni picha za majaribio. Ikatokea sebule, zulia, na binti wa watu kichwa wazi, mabega wazi, mikono imejaa hina, anacheka. Picha ya pili, wenzake. Nikazima. Moyo ulikuwa unanienda mbio kana kwamba mimi ndiye niliyeibiwa.

Nikamwomba muuzaji ampigie aliyemuuzia. Alipokea mwanamke. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Ivunje, dada yangu. Tafadhali, ivunje hapohapo." Nikaikata vipande kwa mkasi wangu wa kazi uliokuwa mkobani.

Wakati nakata ndipo nikakumbuka. Kadi yangu je? Sikuitoa. Niliikabidhi kamera nzima kwa fundi, na ndani mlikuwa na usiku wa hina wa binti wa dada yangu.

Sikumbuki nilivyofika kwa fundi. Nilipomwambia shida yangu akavuta droo, akatoa kopo la plastiki limejaa kadi. "Dada, wengi wanaacha," akasema. Yangu nilikuwa nimeiandika herufi mbili kwa maka peni, nikaiona. Ameitazama au hakuitazama, sikumuuliza, kwa sababu jibu lolote lisingenipumzisha. Kosa lilikuwa langu.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kumwambia mwenyewe. Ningeweza kunyamaza, kadi si imerudi? Lakini amana ukiiacha wazi, hata kama hakupotea kitu, mwenyewe ana haki ya kujua. Sura An-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Nikaenda kwake. Alisikiliza akiangalia chini. Kisha akasema, "Mama mdogo, nipe zote, halafu ufute mbele yangu." Nikazihamishia kwenye diski yake, nikaiweka mkononi mwake, tukafuta kwenye kadi, tukafuta kwenye kompyuta yangu. Hakunikasirikia, ila siku hiyo hakunisindikiza mlangoni kama kawaida yake. Nilistahili.

Kwa hiyo bibi harusi, usimuulize mpiga picha wako bei tu. Muulize kadi inalala wapi, picha zinakaa kwake muda gani, nani anazihariri, na lini anakukabidhi zote. Aliye mwanamke si salama kwa kuwa mwanamke tu. Mimi ni mwanamke, na tazama nilichofanya.

Na wewe mwenye kamera: kabla ya fundi, kabla ya kuuza, kabla ya kuazima, toa kadi. Kufuta peke yake hakutoshi, picha iliyofutwa inaweza kurudishwa kwa programu mpaka nyingine iandikwe juu yake. Kamera yenyewe itunze kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usivitupe.

Ile kadi yangu sijaivunja. Jumapili zilizofuata niliijaza mashua, milango na makaburi ya Kaole, picha juu ya picha, mpaka ikasema imejaa. Sasa hata mtu akiiokota, atakachokikuta ni Bagamoyo tu.