Kuvuta Tela Si Nguvu ya Injini Pekee



Huku Adu na sehemu nyingine za bara za Magarini, maji hayaji yenyewe, hufuatwa. Mvua zilipokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, mwenye punda alimfunga punda wake mkokoteni, na mwenye pickapu akafunga tela nyuma, juu yake tangi. Tela hilo hilo ndilo hubeba kuni na mahindi, na siku ya harusi hubeba viti na masufuria ya pilau.

Wengi wetu huupima uwezo wa gari kwa swali moja: je, linavuta? Likiondoka, twasema linaweza. Swali hilo ni nusu tu. Gari laweza kuanza mwendo na mzigo uliozidi kiasi chake, kisha lishindwe kuusimamisha penye mteremko au ng'ombe anapokatiza njia.

Kiasi hicho huandikwa na kiwanda katika kitabu cha gari. Pickapu nyingi kubwa za siku hizi huruhusiwa kuvuta kilo 3500 ikiwa tela lina breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, kikomo huwa kilo 750 tu. Sasa tupige hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 2000 ni kilo 2000, na tukiongeza tela lenyewe, tuseme kilo 400, tumefika 2400. Kwa tela lisilo na breki, huo ni zaidi ya mara tatu ya kiasi kilichoruhusiwa. Tena gari lina kikomo cha uzito wake na wa tela kwa pamoja. Kwa hiyo abiria na magunia yaliyomo ndani ya pickapu nayo huhesabiwa.

Upakiaji nao una adabu yake. Kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela yafaa kilalie kwenye kiungo cha gari. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela huyumba kama mkia; ukizidi mbele, magurudumu ya mbele ya gari huwa mepesi na usukani hautii. Tangi lililojaa nusu pia lina hatari yake, kwa kuwa maji huenda na kurudi na kulisukuma gari wakati wa breki na kwenye kona. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama tangu breki zishike huwa kama mara nne.

Tumepokea katika hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwonya mtu aliyemshindisha ngamia wake njaa na kumchosha kwa kazi. Mnyama aliyeelemewa husimama, naye mwenyewe akaona. Gari halisimami. Huendelea kutii mpaka breki zipate moto na kulegea, na anayelipia ni aliyeketi ndani yake au aliyekuwa akipita kando ya njia na mtoto mgongoni.

Basi mama zetu na dada zetu, ambao mara nyingi ndio wenye kuyangoja maji hayo, wana haki ya kumuuliza dereva kabla hajaondoka: tela lina breki? Mzigo ni kilo ngapi? Mnyororo wa usalama umefungwa? Kuuliza si utovu wa heshima. Na mtoto asipandishwe juu ya tangi wala juu ya tela, hata safari ikiwa fupi. Ikiwa mzigo umezidi, upunguzwe, watu wende safari mbili. Mafuta yatazidi kidogo, na maji yatachelewa hadi alasiri. Hasara hiyo nyumba yaweza kuibeba.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na atuteremshie mvua ya kheri. Amin.