Kilwa: Mawe Yaliyokatwa Kama Karatasi

Katika miji ya Kiislamu kama Herat na Istanbul walikuwako mafundi wa kukata karatasi. Kwa kisu chembamba walitoa maua na herufi za Kiarabu, wakazibandika juu ya karatasi ya rangi nyingine. Pwani yetu ya Kilwa na Lindi imetuachia ufundi wa jamaa hiyo, lakini katika jiwe.

Kutoka Kilwa Masoko tulivuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Tulianzia Msikiti Mkuu. Upande wake wa kaskazini ndio wa kale zaidi, na ukumbi wa kusini, wenye makuba, uliongezwa katika karne ya 14. Mzee aliyetuongoza akapitisha kidole juu ya nakshi, akasema: "Wajukuu zangu, jiwe hili lilichongwa likiwa bichi." Maana yake ni hii: tumbawe likitolewa baharini huwa laini, kisu hulipata, likikaa hewani hukauka, likawa gumu. Basi fundi alipaswa kuijua nakshi yake moyoni kabla ya kushika chombo, kwani kilichokatwa hakiungiki tena, kama ilivyo karatasi.

Kisha tulikwenda Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani huyo, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Leo jumba ni magofu, na chini yake mawimbi yanakula ufuko.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuzitengeneza zikatolewa mwaka 2014. Lakini bahari haina likizo.

Tulipoagana, kijana mmoja wa msafara wetu alikuwa ameficha mfukoni kipande chenye nakshi. Mzee hakumkemea. Alimwambia tu: "Mwanangu, huko kwako litakuwa jiwe, hapa ni neno katika sentensi." Kijana akarudi, akakiweka alipokiokota.

Enyi vijana, nendeni Kilwa mkatazame, na mrudi mikono mitupu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa warithi waaminifu. Amin.