Usiku wa Kuelekea Baraka

Kutoka Uvira hadi Baraka ni karibu kilomita 90, barabara iliyobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Tuliipita kwa miguu Oktoba 1996, nchi ikiitwa bado Zaire, na katika kundi letu hakuna aliyewahi kutembea hata nusu ya mwendo huo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mama mdogo alikuwa na mtoto mgongoni. Koko, bibi yetu, alitembea kwa fimbo.

Vita vilikuwa vimeteremka kutoka milimani. Tarehe 6 ya mwezi ule hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Kisha wakimbizi wa Burundi na Rwanda waliokuwa kambini katika bonde la Ruzizi wakaanza kumiminika mjini kwetu. Alhamisi ya tarehe 24 bunduki zililia Uvira kwenyewe. Jioni tukafunga vitenge, sufuria moja na unga, tukashika njia ya kusini. Askari waliokuwa wakitoroka walitupita kwa magari, taa zimezimwa, wakituacha katika vumbi.

Vijana walianza kwa kukimbia. Jirani yetu, fundi cherehani, mzee wa Kibembe aliyeijua njia ile tangu utoto, akawaita: “Watoto, punguzeni. Mbele kuna kesho, na kesho kuna jua.” Akamweka koko mbele ya wote, akaamuru mtu yeyote asimpite. Wengine walikasirika, maana milio ya bunduki ilikuwa ingali nyuma yetu. Leo naamini amri ile ndiyo iliyotufikisha. Waliokimbia tuliwakuta asubuhi wameketi kando ya barabara, midomo imekauka, miguu haiwabebi tena.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili kutimia, barabara ikaonekana nyeupe mpaka mbali. Wavuvi wa ndagala hawatoki na taa zao mwezi ukiwa mkubwa hivyo, basi ziwa lilikuwa tupu, bila hata taa moja. Kambambili zangu zilikatika kabla ya Makobola. Nikachana kitenge nikafunga nyayo, na tambara lile lilinifaa kuliko kiatu.

Makobola tulifika usiku. Mama mmoja alikuwa ametoa mtungi hadi ukingoni mwa barabara, anachota kwa kikombe cha plastiki, anampa kila apitaye. Hakuuliza kabila la mtu. Nasisitiza hilo kwa sababu zilikuwa siku ambazo watu walikuwa wakiulizwa kabila na jibu likawaua. Maji alikuwa ameyachemsha. Niliyasikia harufu ya moshi. Ziwa lilikuwa mkono wetu wa kushoto njia nzima, lakini watu wa Uvira tunakijua kipindupindu, na mama mdogo alikuwa amemkataza kila mtoto kulinywa.

Jua ndilo lililotutesa kweli. Ilipofika saa nne asubuhi joto lilikuwa linapanda kutoka ardhini, na unyevu wa ziwa ulizuia jasho kukauka. Tulilala chini ya michikichi tukingoja jioni. Niliamka kichwa kinazunguka, mikono imevimba, tumbo linakataa hata maji. Fundi akafungua kitambaa, akanipa chumvi kidogo niilambe, ndipo ninywe, polepole. Akasema wavuvi ndivyo wanavyofanya. Jioni nilisimama.

Miaka mingi baadaye mpwa wangu anayeishi Durban alinieleza kuhusu Comrades, mbio zinazokimbiwa huko tangu 1921, kati ya Durban na Pietermaritzburg. Nazo ni karibu kilomita 90, na mkimbiaji hupewa saa 12 kuzimaliza. Alijifua kwa miezi mingi. Akasimulia namna mtu anavyokunywa maji mengi bila chumvi mpaka damu inapungukiwa chumvi, kichwa kikazunguka, vidole vikavimba, na wengine hupoteza fahamu. Nilimsikiliza kimya. Alikuwa anaueleza mwili wangu chini ya michikichi ile, na kwa mara ya kwanza nilifahamu jinsi fundi alivyoniokoa.

Vitabu vya vita hivyo vinataja makamanda na miji iliyoanguka: Uvira, kisha Bukavu, kisha Goma. Mimi nataka pia itajwe mitungi. Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, katika vita vilivyofuata, mamia ya raia waliuawa Makobola. Nimeuliza wengi kuhusu yule mama. Simjui jina, na wanaonijibu huniuliza ni nyumba ipi, nami niliiona usiku tu. Bado nauliza.

Baada ya Mboko koko hakuweza tena. Vijana wale wale waliokatazwa kumpita walimbeba kwa zamu kwenye kiti kilichofungwa miti miwili, wakashika mwendo wake ule ule. Fundi alibaki Nundu kwa ndugu zake. Baraka tulifika na miguu iliyovimba hivi kwamba nilishindwa kuinua goti niingie kwenye mtumbwi wa injini. Wanawake wawili walinishika makwapani wakanipandisha. Tulivuka hadi Kigoma. Mwezi wa Novemba kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa huko Kasulu, nasi tukapelekwa humo, koko akiwa hai.