Udadisi Wetu Unaelekea Wapi?



Wapendwa wasomaji, ichunguzeni simu ya kijana wa Hirbadaw jioni, ng'ombe wamekwisha kurudi zizini na bando bado lipo. Ndani yake mtakuta magoli ya jana, gemu ya mpira, filamu ya kivita iliyotiwa maneno ya Kiswahili na DJ, video fupi juu ya mashimo meusi ya angani, na nyingine juu ya mafarao wa Misri. Vyote vimechanganyika kama mahindi na maharage kwenye sufuria ya makande.

Wazazi wengi wakiona hayo husema, "Mtoto anapotea." Sisi tunaosoma falsafa hatukubali haraka wala hatupingi haraka. Aristotle aliianza Metafizikia yake kwa kuitazama hamu ya kujua iliyomo ndani ya mwanadamu. Hamu hiyo haikuletwa na intaneti. Mtoto wa zamani alikaa karibu na moto akimsumbua bibi kwa maswali. Wa leo anaiuliza Google. La kuangalia ni mahali hamu hiyo inapompeleka.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia hapa. Katika Summa Theologiae anatenganisha mambo mawili. La kwanza analiita studiositas, yaani bidii ya kujua yenye mpangilio, nayo anaihesabu kuwa fadhila, chini ya fadhila ya kiasi. La pili ni curiositas, tamaa ya kujua isiyo na mpangilio: mtu anashughulika na jambo dogo hadi linamwondoa kwenye wajibu wake, au anatafuta habari bila kujali zinamfikisha wapi. Thomas halaumu ujuzi wenyewe. Anamwangalia anayeutafuta, na sababu ya kuutafuta.

Mfano wa karibu ni Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda gemu kama vijana wetu, akajiwekea mpaka wa saa moja kwa wiki. Ujuzi wake wa kompyuta aliutumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye tovuti. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu.

Wanaopenda video za anga nao, wakichimba kidogo, watakutana na padre. Georges Lemaître wa Ubelgiji alipewa daraja ya upadre mwaka 1923. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama chembe moja. Hiyo ndiyo mbegu ya nadharia inayoitwa leo Mlipuko Mkuu. Hata hivyo hakutaka hesabu zake zitumiwe kama uthibitisho wa Kitabu cha Mwanzo. Aliiachia fizikia kazi yake na imani kazi yake. Kijana akiambiwa mtandaoni achague kati ya sayansi na Kanisa, ajue kwamba yupo padre aliyeishi na vyote viwili kwa amani.

Historia nayo imo ndani ya gemu. Civilization VI, katika nyongeza yake ya mwaka 2018, inamwezesha mchezaji kujenga Kilwa Kisiwani kama mojawapo ya maajabu ya dunia. Ni Kilwa hii yetu ya mkoa wa Lindi, aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331 na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Tunafurahi mtoto wa Manyara akiijua Kilwa kwa njia hiyo. Lakini habari za Basotu, hapa hapa Hanang, hatazikuta kwenye gemu: jinsi mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalivyochukua malisho ya Wabarbaig, na malalamiko yao kwamba hata makaburi ya wazee wao yalipitiwa na jembe. Hayo yamo vinywani mwa wazee, na mzee akishaondoka hakuna kitufe cha kumrudisha nyuma.

Tena kuna mlima wenyewe. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang, yakafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile watu waliulizana: je, ni volkano? Hanang kweli ni mlima wa volkano, lakini wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haukulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua mpaka ikalemewa, ikameguka.

Hapo mafundisho ya Thomas yanatoka darasani. Anayetazama video za volkano za Iceland ili ashangae tu, hubaki na mshangao wake. Anayetoka hapo akauliza, "Maji ya mlima wetu hupita wapi, na nyumba yetu imekaa wapi?" anaweza kuiokoa familia yake.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo kwa parokia na vigango vyetu. VIWAWA na wanafunzi wawe na jioni moja kwa mwezi. Kila kijana alete kitu kimoja alichokiona mtandaoni, akieleze kwa Kiswahili, Kiiraqw au Kidatooga. Wazee nao walete kimoja wanachokijua cha mahali hapo. Mwalimu wa jiografia aalikwe. Sisi mafrateri tukiwa likizo tukae kati yao, tusikilize zaidi kuliko kuhubiri.

Na mtoto akitaja mashimo meusi wakati wa chakula, asinyamazishwe. Aulizwe: Umejuaje? Nani kasema? Litatusaidia nini? Seminarini maswali hayo tunayafanyia mtihani. Nyumbani yanaulizwa bure.