Nani Analipia Muda Wako?

Tafiti nyingi kuhusu kazi na maisha binafsi zinamzungumzia mtu wa ofisini: ana kompyuta yake, na bosi wake anamwandikia usiku. Sisi tunaoogesha wazee na kuwageuza kitandani hatumo. Ndiyo maana naupenda utafiti mmoja uliofanyika hapahapa Gothenburg, Sweden, ingawa haukuishia pazuri.

Mwaka 2015 manispaa ilichagua makao ya wazee ya Svartedalen, ikapunguza siku ya kazi ya wahudumu kutoka saa 8 hadi saa 6 bila kugusa mshahara. Makao mengine yakaachwa na saa 8 ili papatikane pa kulinganishia. Walioonja saa 6 waliugua mara chache zaidi, wakasema wana nguvu, na wazee wenyewe wakapata matembezi na michezo zaidi kuliko zamani. Kila mtu alifurahi isipokuwa mhasibu. Mzee hahesabu saa zako. Zamu yako ikiisha na yeye anataka kwenda chooni, lazima awepo mtu mwingine wa kumpeleka. Ikabidi waajiriwe watu wa ziada wapatao 17, gharama zikafika krona milioni 12 hivi, na mwishoni mwa 2016 jaribio likafungwa. Kule Kiruna, kaskazini kabisa, wahudumu wa wazee majumbani walikuwa na saa 6 tangu 1989, nao 2005 wakarudishwa kwenye saa 8.

Mimi nimejifunza jambo moja hapo: muda wa kupumzika una bei, na kila mara kuna anayelipa. Sweden tofauti yake ni kwamba bei imeandikwa, hata ikabishaniwa kwenye baraza la jiji.

Chukua malezi. Wazazi wana siku 480 za likizo yenye malipo kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo ni za kila mmoja peke yake: baba asipozichukua zinapotea. Mtoto akiumwa, mzazi anabaki nyumbani na bima ya jamii inamlipa karibu asilimia 80 ya mshahara. Sasa sikiliza kilichonichekesha. Tangu Julai 2024, mzazi anaweza kuhamishia siku 45 za likizo yake kwa mtu mwingine, bibi au babu wa mtoto kwa mfano, na bibi huyo akalipwa na serikali. Nilipomsimulia mama yangu, Tanga, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Hao wajukuu saba niliowalea, nimdai nani?"

Swali la haki. Mdogo wangu wa Dar es Salaam anafanya kazi Posta, katikati ya jiji, na anaishi Mbagala. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi watoto wamelala. Kwenye simu huwa ananiambia, "Dada, nyie huko mna raha." Lakini hajawahi kukosa kazi kwa sababu mtoto ana homa. Kwa nini? Kwa sababu yupo dada wa kazi, binti aliyeletwa kutoka kijijini, anayeamka kabla yake na kulala baada yake. Uwiano wa mdogo wangu kati ya kazi na maisha umesimama juu ya binti huyo, na hakuna jaribio la manispaa lililowahi kupima ameugua mara ngapi.

Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya uzazi siku 84 kwa mama na siku 3 kwa baba. Siku tatu! Baba anapata muda wa kununua ndizi za mtori, basi. Na hayo ni ya aliyeajiriwa. Mama lishe na bodaboda hawana wa kumwomba likizo.

Hata hivyo sitaki kuimba sifa za ughaibuni. Kuna mahali nyumbani wametuzidi, nako ni msibani. Sheria yetu nayo inataja ndugu wachache tu wa kufiwa: mwenzi, mzazi, mtoto, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa tumbo moja. Mama mdogo hayumo. Lakini akifariki mama mdogo wa mtu, ofisi inajua amefiwa na mama, mchango unapita, na bosi mwenyewe anakuja kukaa kwenye mkeka. Hapa Sweden maziko yanaweza kusubiri hadi mwezi mzima, yakapangwa kwenye kalenda kama miadi ya daktari wa meno. Ukisema umefiwa na shangazi wanakupa pole ya kweli kabisa, kisha wanakuuliza kama zamu ya jioni bado unaiweza.

Na hizo zamu! Wahudumu wengi wa wazee katika miji mikubwa ya Sweden ni wahamiaji kama mimi, na ratiba nyingine zinakatwa katikati: unafanya asubuhi, unakaa saa kadhaa bila malipo, unarudi jioni. Chekechea za kawaida zimeshafungwa, bibi yuko Tanga. Kwa hiyo Mswidi anayemchukua mwanawe saa tisa na nusu alasiri na kwenda kula naye chakula cha jioni anaweza kufanya hivyo kwa sababu mama yake mzee analishwa na mimi, wakati wanangu wanapashiwa wali na jirani Msomali ambaye naye kesho nitamlelea wake. Tumeubeba ujirani wa nyumbani hadi huku ili mfumo wao uliopangwa vizuri usituvunje.

Kwa hiyo ukisoma makala inayokushauri ujipangie muda vizuri, uzime simu na ujifunze kusema hapana, iulize kwanza nani ataosha vyombo. Na kama una dada wa kazi nyumbani, hata yeye ni mfanyakazi mbele ya sheria ile ya 2004. Mwandikie mkataba wenye saa zake, na mpe siku yake ya mapumziko kuanzia wiki hii, mshahara usikatwe.