Gobori, mdeki na kulungu wa Pennsylvania

Nimekuwa kimya kwa muda, na nyinyi mnaopita hapa kutafuta mambo ya programu na tarakilishi mtaniwia radhi leo. Nataka kuwasimulia nilivyojifunza kutumia teknolojia ya karne ya 18, na nilivyokaribia kujiumiza vibaya nayo.

Kazi ndiyo iliyonileta Pennsylvania, Marekani. Sehemu ninayoishi, kuwinda kulungu ni jambo la kawaida kama kuvua samaki kule Lamu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimekata leseni, swali lake la kwanza lilikuwa kama nitafungwa. La pili lilikuwa nyama yenyewe ina ladha gani.

Jimbo hili lina msimu wake wa pekee ambao kwa desturi huanza Desemba 26, wakati wengine bado wanamalizia chakula cha Krismasi. Katika msimu huo bunduki lazima iwe gobori, na si gobori lolote, ila la gumegume. Hata la fataki hairuhusiwi. Mafundi wa asili ya Kijerumani walikuwa wakitengeneza bunduki ndefu za namna hiyo hapa hapa Pennsylvania katika karne ya 18, kwa hivyo watu huzionea fahari.

Nilidhani nitakosa maneno ya kumweleza mama kifaa hiki. Kumbe Kiswahili kinayo yote. Magobori yalipita Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19 yakaenda bara na misafara, na maneno yake yakabaki: baruti, risasi, mtutu, mtambo, kifa, mdeki, kushindilia. Ni mimi niliyekuwa siyajui.

Mwalimu wangu alikuwa mzee jirani, fundi wa mabomba aliyestaafu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya usalama ambayo kila mwindaji mpya hutakiwa kupitia, nikajiona mtaalamu. Yeye aliniweka mezani jioni nzima bila kufyatua hata mara moja.

Utaratibu ni huu. Kwanza unahakikisha mtutu hauna kitu. Unapima baruti nyeusi kwa kikombe kidogo; langu ni la nusu inchi na hula greni 70, yaani kama gramu nne na nusu. Humimini kamwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe, kwa sababu cheche moja iliyobaki ndani itapanda na pembe nzima italipuka mkononi mwako. Na ni baruti nyeusi tu: ile ya kisasa isiyo na moshi hupasua mtutu. Kisha unaweka kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na juu yake risasi ya mviringo, nyembamba kidogo kuliko mtutu. Unashindilia kwa mdeki mpaka risasi ikae juu ya baruti bila nafasi katikati. Mwisho kabisa unatia baruti laini kidogo kwenye kifa, kile kijisahani kilicho kando ya mtutu. Usikijaze. Ukiziba kitundu, baruti itaungua polepole kama utambi badala ya kurusha moto ndani, na kulungu hatakusubiri.

Mzee aliniambia niuchore mdeki mistari miwili: mmoja unaoonyesha mtutu mtupu, wa pili unaoonyesha mtutu uliojazwa. Nilichora, lakini moyoni niliona ni mambo ya wazee. Mimi huyu, ambaye kazini huwagombeza vijana kwa kutokagua data kabla ya kuitumia!

Siku ya kwanza tulikaa msituni hadi jioni bila kuona kitu. Sasa sikilizeni. Kwa sheria ya hapa, gobori la gumegume huhesabiwa tupu ukishaondoa baruti ya kwenye kifa, hata kama mshindilio wote bado umo ndani. Basi nilipangusa kifa, nikaliweka garini, kisha nikalisimamisha katika banda lenye baridi lisije likapata unyevu. Kichwani mwangu nikaandika: tupu.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, vidole vimekufa ganzi, nikapima baruti, nikamimina, nikaweka kitambaa na risasi, nikashindilia. Mdeki ukakwama. Nikasukuma zaidi. Mzee akamulika tochi, akaona mstari wa pili umesimama juu ya mdomo wa mtutu kwa upana wa vidole vitatu hivi. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Liweke chini polepole, mdomo uelekee kule."

Mishindilio miwili katika mtutu mmoja. Ningefyatua, uso wangu ungekuwa karibu kabisa na mahali pa kupasukia. Tuliondoa jiwe la gumegume kwanza, tukafunga skrubu kwenye ncha ya mdeki, tukaitoboa risasi ya juu na kuivuta. Ikaja kama kizibo kinachogoma. Tukamwaga baruti, tukatia maji ndani ili iliyobaki isiwe na uhai, kisha tukavuta ya pili. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilimwomba radhi kwa kumharibia asubuhi. Akanijibu kwamba hata yeye anajua hilo kwa sababu lilishampata.

Siku ya nne ndipo alipotokea jike mmoja, hatua kama arobaini hivi, ubavu wazi. Mbali zaidi ya hapo nilikuwa nimeapa kutofyatua, maana nafasi ya pili hakuna. Kujaza upya huchukua dakika nzima kwa mtu kama mimi. Nikavuta. Kifa kikawaka mbele ya jicho langu, na kabla ya mlio kuna kitambo kidogo sana ambacho mwili wote unataka kushtuka. Hapo ndipo wengi hukosa shabaha. Nilishikilia. Kisha mlio, na moshi mweupe mzito, sikuona chochote. Nilisimama nikiogopa kwamba nimemjeruhi tu akakimbia na maumivu. Tulijaza upya kwanza, mzee akisisitiza, ndipo tukafuata damu juu ya theluji. Tulimkuta baada ya hatua themanini hivi, ameshakufa.

Kusafisha hakungoji kesho. Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kutia kutu upesi, kwa hivyo usiku ule ule nilikuwa bafuni na ndoo ya maji ya moto, na mke wangu akiuliza mlangoni ni nani amevunja mayai viza. Mama alipopiga simu nilimwambia nyama ni kama ya mbuzi aliyelelewa porini. Akataka nimwekee mguu, kana kwamba Kenya ni mtaa wa pili.

Nilipomaliza kuupaka mtutu mafuta niliingiza mdeki. Ukafika mstari wa mtutu mtupu. Nikautoa, nikaingiza tena.